Acheni kuweka geti kwa Kizungu cha dadu

Test ziliungana mkia kama mabehewa, boom lenyewe lilishayeyuka tangu wiki ya pili, ila tupo, tunadunda. Leo sina stori za supu wala disko. Leo nina ugomvi. Ugomvi wenyewe unawahusu jamaa zangu wa meza ya Jumamosi, wale tunaocheza nao RPG, na najua huwa wanapita hapa. Wasome mpaka mwisho ndo watukane.

Kwa asiyejua: RPG ya mezani siyo ile ya kompyuta. Mnakaa watu watano sita. Mmoja anasimulia dunia: hapa pana kijiji, pale pana pango, ndani ya pango kuna zimwi limelala. Wengine kila mtu ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Pale ambapo haijulikani kama atafanikiwa, dadu inarushwa. Hamna skrini, hamna bando, hata umeme ukikatika mnawasha tochi ya simu mnaendelea. Ni hadithi hadithi, hadithi njoo, tofauti ni kwamba wasikilizaji ndo wanaoamua sungura apite njia gani. Mchezo mtamu kuliko huu sijauona hapa chuoni.

Tatizo ni mdomo wetu. Kaa karibu na meza yetu dakika tano usikie: "Acha kumetageimu bwana, NPC yule hujamrolia. AC yako ngapi? Roli d20 na advantej, ukipata nat twenti umekriti. DM naye asiturelirodi leo, juzi ilikuwa nusu TPK." Hiyo ni sentensi ya mtu aliyezaliwa na kukulia Mbagala, anamwambia mtu aliyekulia Kahama. Jamani!

Tuelewane. Mimi sipingi misimu. Kila kazi ina lugha yake. Makonda wana yao, mafundi wana yao, na sisi wanachuo tuna yetu: mtu wa nje ukimwambia "jamaa kala supu mbili, anaogopa disko" atadhani unaongelea starehe za wikiendi. Neno la kazi linafupisha maelezo, na mezani hakuna muda wa kuelezea kila kitu upya. Ninachopinga ni neno kugeuzwa geti. Neno likimsaidia mtu acheze, ni kifaa. Likitumika kumwonyesha kwamba hapa si kwao, ni geti, na pale mezani kwetu mlinzi wa geti yupo zamu kila Jumamosi.

Wiki kadhaa zilizopita alikuja binti wa mwaka wa kwanza. Kasoma shule ya kata, anasomea mambo ya miamba, kaletwa na rumeti wake. Tulikuwa tunapambana na adui asiyeonekana, tunakatakata hewa kama vichaa. Zamu yake ilipofika akasema, "Mimi nachukua ule unga wa jikoni naumwaga sakafuni wote, nione nyayo zake." Yaani meza nzima tulikuwa na saa moja tunahangaika na hakuna aliyefikiria unga! Sasa badala ya kumpigia makofi, mkongwe mmoja akamuuliza: "Hiyo ni action au bonus action? Una proficiency na nini?" Binti akanyamaza. Mwingine akacheka chinichini, "Fasti yia huyo." Nikawaambia palepale muacheni amwage unga wake, nikaambiwa napenda drama. Yule dada akasema, "Sawa kaka zangu, endeleeni tu," akachukua mkoba wake. Hajarudi mpaka leo.

Mtu aliyekuwa anaucheza mchezo vizuri kuliko wote ndiye aliyeondoka, na waliobaki ni waliokariri msamiati. Hapo ndo mimi damu ilipochemka. Halafu angalieni nani wanaobaki: karibu wote ni wale waliosoma intanashno, waliozoea kuangalia michezo hii yutyubu kwa Kiingereza tangu kidato cha pili. Msituambie ni bahati mbaya.

Sasa wakongwe wana hoja zao tatu, na leo nazijibu moja moja.

Ya kwanza: eti lugha ya mchezo ndo ilivyo, imetoka huko na heshima yake. Heshima gani? Hebu tuangalie imetokea wapi. Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson, kule Wisconsin, Marekani. Vilikuwa vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 za kwanza. Walikuwa watu wa kucheza vita kwa vinyago mezani, na maneno waliyaokota popote walipoyakuta. Arneson mwenyewe alisimulia kwamba ile AC tunayoitamka kwa mbwembwe aliitoa kwenye kanuni za kuchezea vita vya manowari. Yaani kinga ya mhusika wako ilianza kama bamba la chuma la meli!

Endelea. Mchezaji wa zamani asiyependa kitu kipya anaitwa "grognard". Hilo ni jina la askari wazee wa Napoleon waliokuwa wakinung'unika kila kukicha. Msimulizi anayegawa hazina ovyo anaitwa "Monty Haul", utani uliotokana na Monty Hall, mtangazaji wa kipindi cha zawadi kwenye televisheni ya Marekani kilichoanza mwaka 1963. Mchezaji mwenye utoto wa kutaka ashinde kila kitu ni "munchkin", neno lililotoka kwa wale watu wafupi wa hadithi ya mchawi wa Oz. Mnaona mchezo? Hakuna neno takatifu hapo. Ni utani wa watu wa mtaani kwao, wa runinga yao, wa vitabu vyao vya utotoni. Walichukua kilichokuwa karibu. Sisi kilicho karibu yetu tunakikanyaga, halafu tunakariri utani wa kipindi cha runinga ambacho hata baba zetu hawajawahi kukiona.

Na hili msikie vizuri. Yule tunayemwita DM, Dungeon Master, tena kwa sauti nzito, vile vijitabu vya 1974 vilimwita "referee". Refa! Neno ambalo kila mtoto wa Kitanzania analijua kabla hajajua kusoma. Cheo cha DM kilikuja baadaye. Kwa hiyo mtu akisema "refa" mezani hajawa mshamba, karudi kwenye asili kabisa. Tena "refa" ina faida zake, unaweza kupiga kelele "refa kanunuliwa!" na kila mtu akakuelewa.

Hoja ya pili: eti ukitafsiri unapoteza maana. Hii ndo inanichekesha, maana maana yenyewe huko kwenye Kiingereza imeshagongana. Chukua neno "level". Mhusika ana level. Uchawi una level. Ghorofa za pango zina level. Mchawi wa level 5 ndo anaweza kurusha lile dude la moto, fireball, ambalo ni uchawi wa level 3. Mgeni akiambiwa hivyo anauliza, "Sasa mimi niko level 3, mbona siruhusiwi?" na wakongwe wanacheka. Wanacheka nini? Gygax mwenyewe kwenye kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 alieleza kwamba walifikiria kuyatenganisha, kila kitu kipewe jina lake, mwishowe wakaliacha "level" kwa sababu watu walishalizoea. Wao walikwama kwenye mazoea. Sisi mazoea hayo hatuna, tunaanza upya! Mhusika awe na daraja, uchawi uwe na ngazi, pango liwe na ghorofa. "Mchawi wa daraja la 5 anarusha uchawi wa ngazi ya 3 ndani ya ghorofa ya 2." Kuna mtu kapotea hapo? Hakuna. Kiswahili kimenyoosha kilichopinda.

Mfano mwingine ni "advantej". Maana yake ni kwamba unarusha dadu mbili za nyuso 20 halafu unachukua iliyo kubwa. Basi sema "mbili chukua kubwa". Neno lenyewe limekuwa maelekezo. Na kama unapenda hesabu: dadu moja inakupa nafasi 1 kati ya 20 ya kupata ishirini kavu, asilimia 5. Mbili chukua kubwa inakupeleka asilimia 9.75. Mgeni akishaelezwa hivyo kwa lugha anayoota nayo usiku, atacheza kwa akili. Ukimwambia "una advantej" atatikisa kichwa tu asije akaonekana mjinga.

Na kutafsiri kunakulazimisha ufikiri. Zamani ukiumba mhusika ulichagua "race": binadamu, elfu wa msituni, mbilikimo na kadhalika. Tuliwahi kubishana hapa tuite nini, mmoja akasema "kabila". Tukaangaliana. Yaani kitabu kiseme kabila hili lina nguvu na kabila lile lina akili? Kwa nchi yetu hii? Tukachagua "asili". Basi Desemba 2022 wenye mchezo nao wakatangaza kwamba wanaachana na hilo neno, na kitabu kipya cha wachezaji cha mwaka 2024 kinasema "species". Hao ndio wenye mali, na wamebadilisha neno walilolitumia karibu miaka 50. Nyie mnalilindia nani?

Na kuna maneno yalikufa kabisa bila mtu kulia. Miaka ya 1990 huwezi kucheza D&D bila kujua "THAC0", hesabu ya kutoa kichwani kila unaporusha ngumi, ambapo kinga yako ikishuka ndo inakuwa nzuri zaidi. Mwaka 2000 toleo la tatu likaitupa. Mchezo ulikufa? Ulipata hewa.

Hoja ya tatu, na hii ndo wanaipenda: eti Kiswahili hakina msamiati wa michezo migumu. Hapa nakunja mikono ya shati.

Bao mnalijua? Mashimo 32, kete 64, na msamiati wake kamili: namua, mtaji, takata, kichwa, kimbi, nyumba. Huo mchezo ni mgumu kiasi kwamba Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, aliandika tasnifu nzima kule Leiden mwaka 1995 juu ya akili za mabingwa wake. Na kwenye maandishi ya Kiingereza kuhusu bao, namua wanaandika "namua", takata "takata", kichwa "kichwa". Wazungu wanakariri msamiati wetu! Sasa msomi wa chuo kikuu anasimama mbele yangu ananiambia lugha hiyohiyo haiwezi kuhesabu uhai wa zimwi?

Najua mtanirukia: "Ahaa, kama wao wameacha ya kwetu, si na sisi tuache ya kwao?" Hapana, angalieni tofauti. Anayeandika bao kwa Kiingereza anamwelezea msomaji kila neno kabla ya kulitumia. Hamchekei. Halafu angalieni wazee walivyoyapata maneno yenyewe. Kichwa, nyumba, mtaji, kutakata: hakuna hata moja lililoagizwa kutoka nje. Walichukua maneno ya nyumbani na sokoni wakayapa kazi ya pili. Mgeni akikaa barazani anaanza na neno analolijua, kazi yake ni kujifunza maana mpya tu. Wenzetu kule Ujerumani walipotoa mchezo wao wa Das Schwarze Auge mwaka 1984, msimulizi walimwita Meister, neno lao la kila siku. Wajapani na Sword World yao ya mwaka 1989 walitumia dadu za kawaida za nyuso sita, ambazo mtu anazipata popote. Kila mtu anauleta mchezo nyumbani kwake. Sisi tu ndo tunataka mchezo utupeleke Wisconsin.

Na visheria navyo havitubani. Januari 2023, baada ya wachezaji duniani kuja juu kuhusu leseni, Wizards of the Coast waliziachia kanuni za msingi, ile hati ya SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons. Ruksa kutafsiri, ruksa kuchapa na kugawa, almuradi umtaje mwenye kazi. Kilichobaki ni uvivu na maringo.

Sisemi tuwaandikie BAKITA barua tusubiri kamati. "Supu" na "disko" hazikupitishwa na kamati, zilizaliwa kwenye foleni za matokeo. Maneno ya meza yazaliwe mezani. Mengine tayari yapo kwenye daftari langu, haya hapa myachane mkitaka:

Anayetumia mambo ambayo yeye anayajua lakini mhusika wake hayajui, "anachungulia". Kila aliyecheza kombolela anajua uzito wa kosa hilo.

Refa anayelazimisha hadithi ifuate njia aliyoipanga yeye, "katupakiza treni". Ukishapanda treni Dar huwezi kumwambia dereva akate kona Bagamoyo.

Refa anayemwaga dhahabu na panga za maajabu kila kona ni "pedeshee".

Mchezaji mwenye kitabu mkononi muda wote, kila jambo anapinga kwa ukurasa na aya, ni "wakili".

Mhusika asiye na kwao, asiye na ndugu, anayeua kila anayekutana naye na kupekua mifuko, ni "jambazi mtembezi".

Kanuni mliyoitunga wenyewe mezani ni "ya kienyeji", kama kuku. Na kama kuku, mara nyingi ndo tamu zaidi.

Kikosi chote kikifa siku moja, "tumefyekwa".

Hit points ni "uhai", AC ni "kinga", XP ni "uzoefu". Hayo hata maelezo hayahitaji.

Yapo ya kuazima, sikatai. Kuna utaratibu mmoja unaitwa "X-card", aliubuni John Stavropoulos: kadi yenye alama ya X inakaa katikati ya meza, na yeyote hadithi ikimgusa pabaya anaigusa, jambo lile linarukwa bila kuulizwa maswali. Neno hilo limekuja kumlinda mtu. Tuliite "kadi ya X" tuendelee. Mnaona basi kwamba mimi sina chuki na Kiingereza. Lekcha tunasikiliza kwa Kiingereza, paper tunaandika kwa Kiingereza, lakini dhana ngumu tunazielewa wapi? Kwenye diskasheni, usiku, kwa Kiswahili, mwenzako anapokwambia "yaani ni hivi..." Na paper tunafaulu. Anayetaka kufuatilia yutyubu ataendelea kufuatilia, na kujua "refa" hakutamfanya asahau DM.

Sasa mambo ya vitendo. Nusu ya meza yetu ni mwaka wa tatu. Wakimaliza mwaka huu tunabaki watatu, na watu watatu hao nao wana field. Bila fasti yia huu mchezo hapa chuoni umekwisha, vitabu vitabaki kwenye begi la mtu huko mkoani vinaliwa na mchwa. Kwa hiyo wakongwe, kila mnapomcheka mgeni kwa neno mnajichimbia wenyewe kaburi, na hilo halihitaji dadu.

Mimi Jumamosi hii naanzisha meza ya pili, palepale chini ya mwembe, saa nane mchana. Refa ni mimi. Sheria ya lugha ni moja: mgeni akiuliza "hiyo maana yake nini?", aliyelitamka neno analieleza kwa sentensi moja ya Kiswahili. Akishindwa, neno limekufa, tunatafuta lingine. Na mtu kwanza aseme mhusika wake anafanya nini, mambo ya namba ni kazi yangu mimi refa. Nimeshamtumia ujumbe yule dada wa miamba kupitia rumeti wake, nimemwambia adui bado haonekani na unga bado upo jikoni. Hajajibu.

Dadu ninazo seti moja, mwenye za ludo aje nazo zitasaidia. Mkongwe yeyote anakaribishwa, ila wakili aache kitabu nyumbani.

Naomba kuwasilisha. Mnaotaka kunijibu, nijibuni kwa Kiswahili.